Presha Yangu na Kundi la Ukoo

Daktari alinipa masharti manne: nipunguze chumvi, nitembee, nilale mapema na nisijitie mawazo. Nikaitikia yote kwa adabu, maana foleni ya nje ilikuwa ndefu. Moyoni nilijua kwamba la tatu na la nne hayatekelezeki kwa mtu aliyemo kwenye kundi la WhatsApp la ukoo.

Habari ya presha yangu sikuitangaza mimi. Mama watoto alimnong'oneza shangazi kwa siri, na shangazi, kwa siri hiyohiyo, akaipeleka kwenye kundi lenye watu mia na ushee, wakiwemo wakwe. Kabla daladala haijanifikisha Tabata nilikuwa nimeshapewa pole, nimeombewa na nimeandikiwa dozi. Kitunguu saumu punje mbili kabla ya chai. Bamia zilizolowekwa usiku kucha, unywe yale maji ya mlenda. Mbegu za papai zilizosagwa. Majani ya stafeli. Mlonge, ambao baba mdogo alituhakikishia kwamba unatibu magonjwa 300. Mpwa wangu mmoja mkorofi akamwomba ayataje ishirini tu, mzee akanyamaza hadi jioni. Na maji ya moto yenye limau, ambayo profesa fulani wa Beijing amegundua kwamba huua saratani. Mimi sina saratani, lakini shangazi akasema kinga ni bora.

Nimewafuatilia sana hawa wataalamu. Profesa wa Beijing hana jina wala chuo. Mwenzake, daktari bingwa wa India, naye hana jina, ila amebobea kwenye moyo, figo, ini, macho, uzazi na ngiri, na kila ugunduzi wake ni lazima upelekwe kwa watu kumi uwapendao, la sivyo utakuwa umeua mtu. Hospitali zetu zina uhaba wa mabingwa, nasi tunaye mmoja anayeshughulikia mwili mzima bila ada ya kumwona.

Upo ujumbe mmoja ambao naamini hautakufa. Unasema hivi: ukishikwa na mshtuko wa moyo ukiwa peke yako, vuta pumzi ndefu, kohoa kwa nguvu, rudia mfululizo hadi ufike hospitali. Ujumbe huu ni mkubwa kuliko WhatsApp yenyewe. WhatsApp ilianzishwa mwaka 2009, ilhali ujumbe huu wa kukohoa ulishaanza kuzunguka kwenye barua pepe miaka kumi kabla yake. Wataalamu wa moyo wa Marekani na Uingereza wamekuwa wakiukanusha miaka yote hiyo. Kisa chenyewe ni kwamba daktari anaweza kumwambia mgonjwa aliyelala mbele yake, amefungwa mashine, moyo wake umebadili mapigo ghafla, akohoe kwa sekunde chache wakati tiba inaandaliwa. Nyumbani la kufanya ni kuita watu na kukimbizwa hospitali. Lakini mjomba hakuletewa ukanusho, aliletewa ujumbe. Sasa anakohoa akipanda ngazi, anakohoa akiingia benki, anakohoa hata msikitini, eti tahadhari. Majirani walidhani ana kifua kikuu.

Kitunguu saumu sina ugomvi nacho, kwenye pilau tunakila. Kinachonipandisha hasira ni mstari wa mwisho wa jumbe hizi: "na vidonge vya hospitali utavisahau." Presha ni ugonjwa wa unafiki. Namba zinaweza kupita 140 kwa 90, zikapita na 160, na mwenyewe uko kijiweni unacheza bao na kucheka. Mtu akiacha vidonge leo, kesho anajisikia vizuri, keshokutwa vizuri zaidi, anarudi kwenye kundi kutoa ushuhuda kwamba bamia zimemponya. Ushuhuda unasambaa. Siku kiharusi kinapomlaza upande mmoja hawezi tena kushika simu akasahihisha.

Nikisema haya naambiwa nimesoma sana. Basi tukumbushane ya 2011. Mwaka huo nchi nzima ilielekea Samunge, Loliondo, kwa Babu, mchungaji mstaafu wa Kilutheri aliyekuwa akigawa kikombe cha dawa kwa shilingi 500. Simu janja zilikuwa za wachache, wengi wetu tulikuwa na vitochi, lakini habari iliruka kwa meseji, kwa redio na kwa midomo ya watu hadi magari yakapanga foleni ya kilomita na kilomita porini. Walikwenda maskini, walikwenda vigogo, alikwenda na shangazi. Alirudi na vumbi, kikohozi na furaha kubwa. Lakini angalau kikombe kile kilikuwa na gharama: nauli, usingizi wa kwenye kiti cha basi, siku za kukaa njiani. Mtu alipata muda wa kujiuliza kama kweli anakwenda. Siku hizi kikombe kinakufuata kitandani saa nane ya usiku, na kinaingia na mlio.

Hapo kwenye saa nane ya usiku ndipo nilipotaka kufika.

Ukoo wetu umetawanyika. Kuna kijana wangu yuko Muscat, saa zao ziko mbele yetu kwa saa moja, huyo hana tatizo. Kuna binamu yuko Minneapolis, sisi tukiwa usingizini yeye ndiyo kwanza anatoka kazini, ana joto la mazungumzo, anauliza "Mmeamkaje huko?" Kuna baba mdogo, ambaye uzee umemwondolea usingizi, naye anaamka saa kumi alfajiri kutuma picha ya ua jekundu na kikombe kinachofuka moshi. Chini yake wanajipanga watu: Amina. Asante baba. Nawe pia. Amina. Ukituma "Amina" saa kumi na robo, maana yake hukulala. Usipotuma, umedharau wakubwa. Shangazi analo daftari kichwani la wasioitikia.

Mtaniambia nizime simu. Nimezima. Asubuhi nikapigiwa kuulizwa kama nimekufa.

Na mwanga wenyewe ni tatizo jingine. Mwili una homoni ya kuleta usingizi, melatonini, ambayo hutolewa giza likiingia. Ukijimulika usoni na kioo cha simu, ubongo unadhani jua halijazama, unaichelewesha. Maelezo haya niliyasoma kwenye simu, kitandani, saa saba usiku. Yaliletwa kwenye kundi na mpwa wangu anayesomea uuguzi. Alikuwa macho yeye, nilikuwa macho mimi, na watu wengine kadhaa walijibu palepale kwamba makala ni nzuri sana. Ukoo mzima ulikuwa umekesha ukishauriana juu ya faida za kulala.

Zamani, na niruhusiwe kusema zamani, vyombo vya habari vilikuwa na haya. Redio Tanzania Dar es Salaam ilikuwa na saa ya habari, saa ya salamu, saa ya Mama na Mwana, na saa ya matangazo ya vifo. Ulikaa, ukasikiliza nani kafariki na msiba uko wapi, ukazima ili betri zisiishe, kesho ukazianika juani zipate nguvu. Runinga huku Bara tuliipata 1994, nayo usiku ilijifunga yenyewe ikabaki kuunguruma. Mwenye nyumba akasema haya, mkalale. Simu haisemi mkalale. Ina video nyingine chini ya hiyo, na nyingine chini ya hiyo nyingine, na zote ni fupi, ndiyo maana usiku unaisha.

Kijana wa Muscat, kwa mapenzi, akaniletea saa ya mkononi ya kuhesabu hatua. Lengo hatua 10,000 kwa siku. Nilidhani namba hii imetoka kwa madaktari waliokaa kikao kirefu. Kumbe asili yake ni biashara: mwaka 1965, mwaka mmoja baada ya Olimpiki za Tokyo, kampuni moja ya Kijapani ilianza kuuza kifaa kilichoitwa manpo-kei, kipimo cha hatua elfu kumi. Namba nzuri, rahisi kukumbuka, inauzika. Ikaolewa na dunia nzima. Shirika la Afya Duniani linachomtaka mtu mzima akifanye ni dakika 150 za mwendo wa kutoka jasho kidogo kwa wiki, ambazo ukigawanya vizuri ni kwenda sokoni Buguruni na kurudi kwa miguu bila kusimama kwa kila unayemjua. Sharti hilo la mwisho ndilo gumu.

Lakini saa ilikuwa imeshafika, na vijana wakafungua kundi la pili, la mazoezi ya ukoo. Kila jioni unatuma picha ya hatua zako. Nikatembea. Nilizunguka mtaa hadi mbwa wakanizoea. Matokeo yakitoka, baba mdogo ananipita, na baba mdogo anajulikana kwa kutotembea. Uchunguzi ukaonyesha kwamba anapanda bodaboda asubuhi na jioni kwenye barabara ya vumbi yenye makorongo, na saa hizi zinahesabu mtikisiko wa mkono. Mzee alikuwa anashika nafasi ya pili akiwa amekaa. Ya kwanza aliichukua mama watoto. Aliazima saa yangu siku ya pilau, akakalia mbuzi akakuna nazi, akafua mashuka, akasonga na ugali wa watu wa kazi, hakutoka uani. Akashinda wanaume wote wa ukoo. Alipopongezwa akajibu kwa sentensi moja kwamba hizo ni hatua za kila siku, ila leo ndiyo zimehesabiwa. Tangu hapo wanaume wamepunguza kutuma picha.

Shingo nazo zinauma. Kijana wa mwisho, ambaye hajafika hata miaka ishirini, analalamika shingo. Enzi zetu shingo iliuma kwa kubeba kuni. Daktari mmoja wa upasuaji wa uti wa mgongo wa New York, Kenneth Hansraj, alipiga hesabu kwa kompyuta mwaka 2014 akasema kichwa kina kilo kama tano kikiwa wima, lakini ukikiinamisha nyuzi 60, shingo inabeba mzigo wa kilo 27. Zaidi ya nusu mfuko wa saruji. Nilimweleza kijana. Akaitikia "sawa baba", kichwa kikiwa nyuzi 60.

Juu ya yote nikanunuliwa mashine ya kupimia presha nyumbani. Hii naisifu, ni kitu cha maana kwa mwenye ugonjwa huu, ila ina adabu zake: ukae kimya dakika tano kwanza, mgongo uegemee, miguu ikanyage chini, mkono uwe usawa wa moyo, usizungumze. Hakuna nyumba Dar es Salaam yenye dakika tano za kimya. Muuza samaki anapita, msikiti unaadhini, jirani anajaribu spika mpya, na simu pale mezani inacheza yenyewe kwa mtetemo. Namba zikitoka hazitoshi kubaki zangu, kundi linazitaka. Shangazi anauliza saa moja, "Leo ngapi?" Nikichelewa kujibu, anajua nimesoma, kwa sababu ya zile tiki za bluu zilizoletwa mwaka 2014 na ambazo, kwa maoni yangu, zimevunja nyumba nyingi kuliko pombe. Mjanja atasema tiki zinazimika kwenye mpangilio, ila hilo ni kwa mazungumzo ya watu wawili, kundini hazizimiki. Na hata hizo za wawili, zizime kwenye ukoo wangu uone utakavyoulizwa unaficha nini.

Mimi nikaamua kufanya utafiti. Kuna kundi la tatu, la kamati ya harusi ya mtoto wa binamu, ambako niliingizwa nikiwa nimelala. Mweka hazina hubandika orodha kila jioni: jina, ahadi, alicholipa, anachodaiwa. Jina langu lina ahadi kubwa ambayo sikuitoa mimi. Niliahidiwa na shangazi, kwa niaba yangu, kwenye kikao ambacho sikualikwa. Nafasi ya "alicholipa" ipo tupu, na pembeni wamechora kiuso kinacholia. Nikakaa dakika tano, nikapima. Nikafungua orodha, nikasoma hadi jina langu, nikapima tena. Namba ya juu ilipanda mbele ya macho ya mama watoto. Matokeo nilimpelekea daktari. Alicheka kidogo, akaandika kitu kwenye faili, kisha akaniambia kwamba naye yumo kwenye kamati mbili.

Kwa nini sitoki? Mwaka 2022 WhatsApp waliruhusu mtu aondoke kundini kimyakimya, bila tangazo kwa wote, wakijulishwa maadmini tu. Kwetu maadmini ni shangazi, baba mdogo na mke wa baba mdogo. Afadhali ningetangazwa redioni. Watengenezaji hawa wana nia njema lakini ukoo hawaujui. Mwaka 2020, uzushi wa korona ulipozidi, waliweka breki: ujumbe uliokwisha kusambazwa mara nyingi sana upelekwe sehemu moja tu kwa wakati, watu wachoke. Shangazi hachoki. Anatuma kwa mmoja, anachambua mchele, anatuma kwa mwingine, anachambua mchele. Ana siku nzima na ana bando la mwezi, nalinunua mimi.

Simu nayo ina masikio yake. Nilitafuta mtandaoni neno presha mara moja tu, na tangu siku hiyo natangaziwa dawa ya kitambi, dawa ya mgongo na dawa ya nguvu za kiume, tena na mtu aliyevaa koti jeupe na kipimo shingoni. Wanaouza matangazo wanaangalia unatafuta nini, umri wako umefika wapi, halafu wanamalizia wenyewe. Mama watoto akaiona moja. Akaniuliza, "Mzee, daktari alikwambia ni presha peke yake?" Hilo swali lilinipandisha zaidi ya orodha ya harusi.

Nisionekane mkorofi asiye na shukrani. Vidonge vyangu nalipia kwa simu hiyohiyo, na mjukuu wa Muscat namwona akiota meno bila mimi kupanda ndege. Binamu alipotakiwa kufanyiwa upasuaji, kundi hili hili la vitunguu saumu lilichanga fedha kabla wiki haijaisha, na waliochanga kwanza ni walewale wanaonikera alfajiri. Baba mdogo aliuza mbuzi. Hili sitalisahau, na ndilo linalonizuia kutoka hata ningepewa mlango wa siri kweli. Lakini kupendwa na watu mia usiku kucha kunachosha, na mtu anayenitumia ushauri wa afya saa nane za usiku ananikosesha dawa ya bure niliyoandikiwa.

Nimelipeleka ombi kwa maadmini wetu na sasa nalipeleka kwa maadmini wote wa nchi hii. Kitufe cha kuruhusu maadmini peke yao kuandika kipo kwenye makundi tangu 2018. Kibonyezeni saa tatu usiku, mkifungue jua likichomoza. Msiba ukitokea, pigeni simu. Marehemu anastahili hata dakika moja ya sauti ya mtu. Mchango wa harusi usomwe mchana, mtu akiwa ameshakula. Daktari wa India asubiri kupambazuke, wagonjwa wake tumezoea foleni. Na wewe msomaji, ukiipiga picha safu hii ukairusha kwenye kundi lenu, hewala, ila mimi usinitumie. Ninayo.